Uliza Fundi: Monsta za rimoti za zamani

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu ile Lunch Box, gari ya rimoti ya tairi kubwa, ndio tunaziita monsta, niliyoikuta stoo ya jirani hapa Malindi, imefunikwa gunia, nikasema mwenye monsta ya zamani aniandikie. Hee! Maswali yamekuja mpaka imebidi nichague. Kumbe Pwani hii kuna gari za rimoti za miaka ya themanini nyingi tu kabatini na chini ya vitanda, nyengine zimeachwa na Waitaliano, nyengine zililetwa na mabaharia, na karibu kila mtu anauliza kitu kimoja: nifunge mota gani kali? Ntajibu, lakini wengine mtanuna.

Asalamu aleikum fundi. Marehemu mzee wangu alifanya kazi hapa Ngomeni na Waitaliano wa mambo ya satelaiti, mmoja wao alipokuwa anarudi kwao akamwachia gari ya rimoti, Blackfoot, ile pikapu ya Ford ya tairi kubwa. Mzee hakuturuhusu kuigusa, imekaa kabatini miaka yote. Sasa nimeitoa, inaenda lakini polepole na ina kelele. Nimetenga pesa kidogo nifunge mota ya kisasa. Ninunue gani? — Msomaji, Ngomeni

Waaleikum salam. Mungu amrehemu mzee, na alifanya la maana kuiweka kabatini manake jua la Ngomeni lingekuwa lishaimaliza zamani. Sasa ndugu yangu hiyo pesa ya mota iweke kwanza.

Blackfoot ilitoka 1986. Giaboksi yake haikuwa mpya, Tamiya, kampuni ya Kijapani iliyoitengeneza, walichukua ile ya Frog, kigari chepesi cha mchangani cha 1983 chenye tairi ndogo, wakaivalisha haya matairi kama mabofulo na bodi ya Ford juu. Kwa hivo mzigo wote unaishia kwenye zile shafti mbili za nyuma. Ziangalie vizuri, vichwa vyake vina pembe sita na vinakaa ndani ya vikombe vya pembe sita, na mota ya kiwandani, ile 540 ya kopo la rangi ya fedha, havina shida nayo, lakini ukifunga mota kali zile pembe zinalika kidogo kidogo mpaka kikombe kinakuwa duara, mota inalia na gari imesimama. Hebu jaribu saa hii hii: zungusha tairi ya nyuma na mkono, mbele nyuma mbele nyuma, taratibu, macho yako yawe pale shafti inapoingia giaboksi. Shafti ikisogea na kikombe kikabaki palepale kidogo kabla ya kufuata, ujue pembe zishaanza kwenda. Tamiya walipozirudisha sokoni gari hizi, Monster Beetle, ndugu yake Blackfoot, 2015 na Blackfoot yenyewe 2016, zilikuja na shafti za aina nyengine imara zaidi, kwa hivo ukiagiza spea ulizia za hayo matoleo, na ununue shafti pamoja na vikombe vyake, usinunue nusu.

Sasa huo upole na kelele. Gari imelala miaka thelathini na kitu, grisi ya ndani imekuwa kama asali iliyoganda, bushi za plastiki, vile vipete vinavyoshika shafti, zimekauka, na kile kidude cha spidi cha zamani, kile ambacho sevo, kimota kidogo kinachotii rimoti, inasukuma mkono juu ya vipande vya shaba, kimeshika ule ukijani wa shaba yetu ya Pwani. Hakuna mota itakayotibu hayo. Fungua giaboksi, osha gia kwa spiriti na mswaki, paka grisi nyepesi isiyokula plastiki, kidogo tu, meno yang'ae yasizame. Bushi zote toa weka beringi. Saizi inayotumika sana kwenye Tamiya ni 5 kwa 11 kwa 4, wenyewe wanaiita 1150, lakini pima na vernia kabla hujaagiza, na uulize zile zenye raba pande zote mbili, za kifuniko cha bati huku kwetu mchanga unapita. Ukimaliza beringi peke yake isukume gari sakafuni na kidole uone inavyoteleza, utadhani umebadilisha mota.

Alafu kile kidude cha spidi, kisafishe ukihifadhi kama kumbukumbu ya mzee lakini gari ifungie ESC, yani kidhibiti kasi cha elektroniki, cha mota za brashi, zile za vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani. Ukifunga hiyo, ile rezista nyeupe inayochemka inaondoka, sevo moja inaondoka, na zile betri nne ndogo za risiva, kile kipokeaji cha rimoti ndani ya gari, nazo zinaondoka manake ESC yenyewe inalisha risiva.

Na kitu kimoja kabla hujagusa gari, tafadhali sana. Skrubu za gari hizi ni za Kijapani, msalaba wake unafanana na wa kawaida lakini si sawa, wanaita JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai mpaka chini, ukikaza inaruka na kutafuna kichwa. Mimi mwenyewe nilitafuna skrubu tatu za giaboksi ya Monster Beetle siku moja kwa haraka, moja mpaka leo iko ndani, na kila nikiishika ile gari roho inaniuma. Tafuta bisibisi ya JIS, moja tu ya kati inakutosha. Na ukirudisha skrubu kwenye plastiki usiikaze moja kwa moja, izungushe kwanza kinyume, taratibu, utasikia kwenye vidole imedondoka kidogo, tak, hapo imeingia kwenye njia yake ya zamani, ndio ukaze. Usipofanya hivo kila ukifungua unachonga njia mpya, mwisho tundu linakuwa halishiki kitu.

Fundi, Clod Buster yangu niliifungua yote nikaiosha, nimeirudisha vizuri kabisa lakini haiendi. Nikivuta trigo inavuma na kutetemeka palepale, mara inajiinua katikati. Nimeunguza nini? — Kijana wa Barani, Malindi

Hujaunguza kitu, ila ukiendelea kuvuta trigo utaunguza. Acha kabisa mpaka umalize kusoma hapa.

Clod Buster, hii ya 1987 ya bodi ya Chevrolet, ina mota mbili, kila mota imekaa juu ya ekseli yake. Ekseli ya mbele na ya nyuma ni kitu kilekile, ya nyuma imegeuzwa tu ikaangalia nyuma. Sasa fikiria, kama ekseli imegeuzwa basi na mota yake lazima izunguke kinyume na mwenzake ndio gari yote iende upande mmoja. Ndio manake kiwandani waya za mota moja zinapishana. Wewe umezirudisha zote sawa, nyekundu kwa nyekundu, kwa hivo mbele inavuta kwenda Watamu na nyuma inavuta kwenda Mambrui. Iweke juu ya mkebe wa Kimbo tairi zielee, gusa trigo kidogo tu, utaona mwenyewe. Badilisha waya za mota moja, ile inayozunguka vibaya, bas.

Na kwa vile ushafungua, ntakwambia kinachoniudhi kwenye Clod, na naipenda gari hii kuliko zote. Usukani. Inakata kona tairi zote nne lakini sevo ni moja imekaa katikati ya chesi, yani fremu ya gari, na vyuma virefu vinaenda mbele na nyuma, ekseli ikipanda juu ya jiwe vile vyuma vinasukuma tairi vyenyewe na gari inatangatanga kama mlevi hata usukani hujaugusa. Hiyo si ubovu, ndio ilivyozaliwa. Dawa yake ni kuhamisha sevo kuiweka juu ya ekseli yenyewe ili zipande na kushuka pamoja. Anza na ya mbele, ya nyuma ifunge inyooke isikate kona mpaka upate pesa ya sevo ya pili. Bamba la kushikilia sevo unaweza kuchonga mwenyewe kwa aluminiamu ya madirisha, fundi wa madirisha akikupa kipande kilichobaki utashukuru. ESC ukinunua hakikisha imeandikwa inabeba mota mbili, na mota zenyewe ziwe pacha, aina moja, umri mmoja. Ukifunga moja mpya na moja ya zamani ile mpya inamburura mwenzake siku nzima na zote zinachemka.

Mwanangu alipewa Midnight Pumpkin na ami yake, jana ameipitisha kwenye maji ya bahari wakati maji yanatoka, ikazima. Nimeianika juani. Je itapona? — Mama, Shela, Lamu

Dada yangu itoe juani, chumvi inakaukia humohumo ndani na kula chuma. Watu wengi wanafanya hivo na nawaelewa, kitu kikilowa tunaanika, lakini maji ya bahari si maji ya mvua.

Toa betri kwanza kabla ya kitu chochote. Alafu, najua utashtuka, ioshe kwa maji baridi ya kunywa, mengi, gari yote, na mota pia. Mota ya brashi haiogopi maji matamu, inaogopa chumvi. Iweke ndani ya ndoo, izungushe ekseli na mkono maji yaingie yatoke, badilisha maji mara mbili tatu. Vitu vya umeme, risiva na ESC, vifungue uviloweshe kwa spiriti safi, ile ya asilimia kubwa, inafukuza maji. Baada ya hapo ndio ukaushe, kivulini penye upepo, na Shela upepo si tatizo, siku mbili. Usijaribu kuwasha kabla. Ikikauka tia tone la oili nyepesi kila mwisho wa mota pale mhimili unapotokea, tone moja, likizidi linaenda kwenye brashi. Beringi kama ilikuwa nazo zizungushe kwa kidole, zikisaga kama una mchanga kwenye meno zitupe tu.

Na mwambie kijana mchanga ule mkavu mwepesi wa juu ndio mbaya kuliko mchanga mbichi, unapeperuka unaingia kwenye matundu ya mota. Achezee pale chini palipoloa na kukaza, maji yakiwa mbali. Mimi hufunika matundu ya mota kwa kipande cha soksi nyepesi ya kike, hewa inapita mchanga haupiti, lakini kila baada ya dakika kumi nagusa mota, nikishindwa kuweka kidole mpaka hesabu ya tatu napumzisha.

Mimi na binamu yangu tuna Blackfoot na Lunch Box, rimoti za zamani za antena ndefu. Tukicheza pamoja gari yangu inamfuata yeye! Na hata nikiwa peke yangu inashtukashtuka. — Langoni, Lamu

Haya ni mawili tofauti. La kwanza, rimoti hizo ni za 27 MHz na kila moja ina kikristali kidogo kinachochagua masafa, kinachochomoka, kimoja kwenye rimoti kimoja kwenye risiva. Mkiwa na namba sawa gari zote zinasikia bwana mmoja. Badilisha jozi moja, zote mbili za jozi hiyo, si ya rimoti peke yake. Au mhamie rimoti za 2.4 GHz, hizo hazina kristali na hazigongani, na mimi ningehama, lakini rimoti za zamani msizitupe, ziwekeni pamoja na boksi.

La pili, kushtuka. Brashi za mota zinatoa cheche na cheche ni redio. Geuza mota uangalie nyuma, inafaa kuwe na vikapasita vidogo vilivyochomelewa, kimoja kutoka kila ncha ya waya mpaka kopo la mota na kimoja kati ya ncha mbili. Mara nyingi vimekatika. Fundi yeyote wa redio na TV pale mjini anavyo, mwambie vya 0.1 mikrofaradi, vimeandikwa 104. Kopo likwaruze kwa msasa kwanza mpaka ling'ae ama sivyo risasi haishiki. Na ule waya mrefu wa risiva usiukate, nimeona watu wameukata eti unaning'inia vibaya, urefu wake ndio unaoshika mawimbi.

Betri yangu ya zamani haishiki chaji. Nimeambiwa LiPo, zile betri za lithiamu, ni kali sana. Je nifunge? — Msomaji, Watamu

Ya zamani ni NiCd ya volti 7.2, nyingi zilikuwa za mAh 1200, yani umeme inaobeba, na seli zikishavuja unga mweupe hazirudi. Ukitaka usingizi mtamu chukua NiMH, umbo lilelile, volti zilezile, mAh 3000 hivi na inaingia mahali pake bila kukata kitu.

LiPo ya seli mbili ni volti 7.4 kwa jina lakini ikijaa inafika 8.4, na haitaki kushuka chini ya volti 3 kila seli. Kidude cha spidi cha zamani hakijui hilo, kitainyonya mpaka ife, kwa hivo LiPo bila ESC yenye kukata yenyewe usifunge. Chaji yake ni chaja maalum inayosawazisha seli, uko hapo unaiangalia, si usiku ukilala, na isiachwe ndani ya gari iliyoegeshwa juani. Ukiiona imevimba usiitie chaji tena. Na ile plagi nyeupe ya plastiki ya Tamiya, ukishapandisha nguvu inayeyuka, nimeziona zimeshikana kabisa, weka plagi za XT60 pande zote mbili.

Brushless kwenye Blackfoot? — Kijana, Muyeye

Hapana mwanangu. Soma jibu la kwanza tena, pale kwenye pembe sita. Ukitaka brushless, yani mota kali isiyo na brashi, nunua gari ya kisasa iliyotengenezewa hiyo, hii ya zamani haina spea za kuchezea.

Tairi zimepasuka nyufa ndogo ndogo na upande mmoja zimekaa bapa. — Msomaji, Gede

Nyufa hazirudi, lakini zinasimama. Osha kwa sabuni na maji basi, usipake dizeli wala mafuta ya taa ili zing'ae, nimeona, raba inavimba na kulainika kama ubani wa kutafuna. Ubapa umetokana na gari kusimama juu ya tairi miaka, loweka kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kustahimili, alafu kata povu la godoro la zamani kwa umbo la duara ujaze ndani, tairi hizi zina uwazi mtupu. Kuanzia leo ikilala iweke juu ya kipande cha ubao tairi zisiguse chini.

Bodi ya Lunch Box imepasuka kona ya mbele na nguzo ya kioo. Kuna fundi wa boti za faiba hapa jirani amesema ataiziba siku moja. Nimpe? — Msomaji, Matondoni, Lamu

Mikono yake naiamini, resini yake siiamini. Ile resini ya boti, polista, ina kemikali inayokula plastiki nyingi za aina hii, utaipeleka na ufa mmoja irudi imelainika na kukunjamana. Mwambie atumie epoksi, hata Araldite ya madukani, na kile kitambaa chembamba cha faiba anacho.

Kazi ifanyike kwa ndani, usimwache aguse nje. Kwanza ufa ubanwe uzibe sawasawa, weka selotepu kwa nje ivute pande mbili zikutane, ukipitisha ukucha usikwame. Mwisho wa ufa, pale unapoishia kama unywele, toboa kitundu cha milimita moja, hapo ufa unasimama usiendelee kutambaa. Ndani piga msasa mkavu eneo la vidole viwili kila upande, futa na spiriti, paka epoksi, laza kitambaa, paka tena. Acha mpaka kesho. Nguzo ya kioo ni nyembamba, kitambaa kitaonekana, kwa hapo tumia waya mwembamba usioshika kutu, wa uvuvi wa chuma unafaa, ulazwe ndani ya epoksi kama nondo kwenye zege.

Stika za zamani ziache hata kama zimepauka. Na gundi ile ya maji maji ya kushika skrubu, watu wanaitia kila mahali, isiguse bodi wala chesi, plastiki inapasuka, ni ya chuma kwa chuma peke yake. Ukimaliza nitumie picha, lakini nipigie ya upande wa ndani.